Jina Langu Ndani ya Kaseti

Jumatatu, tarehe 5 Juni 1995

Leo nimesikia ugomvi kwenye karakana tupu nyuma ya Panda, kambi yetu ya wafanyakazi wa kiwanda. Nikachungulia, maana ugomvi wa watu ni sinema ya bure. Hakuna ugomvi! Ni Magloire peke yake, miaka ishirini na mbili, diploma iko, kazi hakuna. Anasema haraka haraka, hapumui. Dada yake Shekina anapiga pipa tupu kwa spana mbili. Nikauliza ni ugonjwa gani. Shekina akasema ni rap, papa Flori. Haiimbwi, inasemwa.

Nikabaki saa nzima. Ajabu: maneno hayaimbwi, lakini yanashika kichwani kama gundi. Wimbo unaitwa "Sirene Ilinyamaza". Sirene ya kiwanda! Ile iliyokuwa ikiamsha watu wote saa kumi na moja na nusu. Na nani alikuwa akiivuta? Minye, mimi mwenyewe! Miaka kumi na tisa, kwa mkono huu. Tangu kiwanda kisimame hakuna anayeniita Floribert. Hata mke wangu Henriette ananiita "weye".

Wimbo mzima juu ya sirene, na aliyeivuta hayumo. Kosa kubwa. Nitalisahihisha.

Jumanne, tarehe 6

Nimejiteua producteur, mtayarishaji wa wimbo. Magloire akauliza producteur anafanya kazi gani. Nikasema anaangalia. Akaniomba niangalie kutoka kule mlangoni.

Nikamwomba aniweke kwenye ubeti wa pili. Akakataa kwa heshima yote: papa, jina lako linavunja mwendo. Nyumbani nikajaribu, nikijipigia mdundo gotini kwa kiganja. Flo-ri-bert. Ni kweli. Linachechemea.

Tatizo la pili: Évariste, jirani yangu. Radio-cassette ya kurekodi ni yake, moja tu mtaani, basi ameshajipa cheo cha directeur. Ameletewa kiti. Producteur amesimama!

Jumatano, tarehe 7

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Rap hii naijua! Kwenye kilio cha msiba Mama Kabedi, msifu wa kambi yetu, anafanya vilevile, kwa Kiluba, bila spana. Inaitwa kasala. Anataja majina ya watu na ya mababu zao, mpaka wanaume wazima wanalia kama watoto. Na kwake hakuna jina linalochechemea.

Nikampendekeza kwa Magloire, afungue wimbo, lakini kwa Kiswahili ili wote wasikie. Kijana akaruka kwa furaha, akaniita papa mara tatu. Shabaha yangu hakuiona.

Kisha nikaenda kwa Mama Kabedi mwenyewe. Nikamwambia polepole asinisahau. Akajibu kwamba yeye hasahau muntu, ila desturi naijua: anayetajwa anaweka kitu kwenye kiganja cha anayemtaja, palepale, sauti ikiwa bado juu. Nikaahidi betri mbili kwa redio yake ya kusikilizia misa. Akanibariki.

Betri mpya sina. Niko na mbili za zamani. Nimezipanga juu ya bati, jua liziamshe. Kila mtu wa kambi anafanya hivyo. Zikipata moto zinaongea tena, dakika kumi hivi. Misa ni ndefu, lakini hiyo si shida yangu.

Ijumaa, tarehe 9

Siku ya kurekodi. Kaseti moja tu, ya zamani ya kwaya, Mungu atatusamehe. Évariste akatangaza kwamba betri zake zinatosha mara moja. Hakuna kurudia. Anayekohoa anatoka.

Mama Kabedi akaanza. Wa kwanza, Évariste! Mama akanyoosha kiganja, na yule mjanja akatoa samaki mkavu mkubwa, amefungwa tayari kwenye gazeti. Akasifiwa mpaka babu wa babu yake, wawindaji wote. Hata mimi nilianza kumheshimu.

Halafu: "Floribert! Mwenye kuvuta sirene! Aliyeamusha muji muzima!"

Machozi yakanitoka. Naandika ukweli. Miaka minne sijasikia jina langu likisemwa hivyo. Nikaziweka betri kiganjani mwake.

Zilikuwa zimevuja. Maji meusi, yananata. Mama akatazama kiganja chake. Akanitazama. Hakunyamaza, maana kasala hainyamazi.

"Aliamusha muji muzima, akashindwa kuamusha mukono yake! Mukono inalala! Muiamushe!"

Shekina akacheka, akalipiga pipa. Magloire akadaka palepale: "Mukono inalala!" Mara nne. Ikaingia kwenye mwendo kama ufunguo kwenye kufuli. Nikamwashiria Évariste azime. Akaniashiria kwa kidole kimoja: betri zinatosha mara moja.

Jumapili, tarehe 27 Agosti

Kaseti imezaa kaseti. Dereva wa lori ametoka Kakanda, anasema kule wanaucheza wimbo wetu kwenye harusi. Mwingine amepita gereza la Buluo, anasema hata wafungwa wanalima kwa mwendo wa wimbo huo. Nikataka kujua kwa nini. Nikauliza watu tisa sokoni ni kipande gani wanachopenda. Magloire ameandika ubeti mzuri sana juu ya njaa, kazi ya wiki tatu. Hakuna hata mmoja aliyeutaja. Wote tisa: mukono inalala. Muuza sombe, majani ya muhogo, aliongeza na kucheza.

Akaniuliza huyo Floribert ni nani. Nikasema ni muntu wa Kolwezi, mji wa mbali, si wa hapa. Akasema, maskini.

Henriette haniiti tena "weye". Ananiita Mukono.

Jumamosi, tarehe 9 Septemba

Magloire amekuja nyumbani, amevaa shati safi. Amesema bila mimi wimbo usingekuwa wimbo. Sikubisha. Wanatengeneza wa pili leo saa kumi, Mama Kabedi atafungua tena, na yuko tayari kuniita upya na kunisafishia jina mbele ya nchi nzima. Ila nilete kitu cha kweli, papa. Tafadhali. Si betri.

Henriette akasikia. Akatoa samaki wa mto Lufira aliyekuwa amemficha kwa siku ya mgeni, mnene, mzuri, akamweka mezani. Akasema: peleka hii, Floribert. Akasema Floribert! Kisha akaenda kisimani.

Saa tisa sasa. Samaki alikuwa mtamu, hasa na bukari, ule ugali wa jana.

Betri zilezile, Mama alizozitupa, ziko juu ya bati tangu asubuhi. Safari hii nimezipangusa.