Mahubiri Yako Yanaiua Maktaba Yetu

Maktaba ya Sinagogi,
Chumba cha nyuma, karibu na jiko,
Winnipeg.
Jumapili.

Kwa Rabi wetu mpya, Naftali Zuckerbrot,

KUH: MALALAMIKO JUU YA UBORA WA MAHUBIRI YAKO

Natumaini u mzima, wewe na mkeo na mapacha. Mimi ni Dvora Pliskin, mkutubi wa kujitolea wa sinagogi hii kwa miaka thelathini na mmoja. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa hasira ambayo nimejaribu kuituliza kwa chai ikakataa.

Jumanne ya wiki ijayo kamati itaamua kama maktaba igeuzwe stoo ya vigari vya watoto. Mwenyekiti, Bi. Bracha Fineman, anasema hakuna anayesoma tena. Tangu ufike miezi miwili iliyopita, wasomaji wa Sabato wameshuka kutoka kumi na wanane hadi sifuri. Vitabu elfu mbili mia moja na arobaini, nilivyovikusanya kimoja kimoja, vitashushwa ghalani chini, ambako bomba linavuja. Imebaki Sabato moja. Mwenye makosa ni wewe, kwa sababu zifuatazo:

1. Mahubiri yako ni mafupi. Marehemu Rabi Mandelkorn, Mungu amrehemu, alihubiri dakika hamsini. Dakika ya nane watu walianza kukohoa, ya kumi walijifanya wanakwenda msalani, ya kumi na mbili walikuwa kwangu. Wewe dakika ya kumi na moja umeshamaliza. Mtu hapati hata muda wa kuchoka.

2. Mahubiri yako ni mazuri, na hili ndilo baya zaidi. Mkusanyo wetu wote umejengwa juu ya watu kuchoshwa. Mwaka ambao Rabi Mandelkorn alihubiri Sabato sita mfululizo juu ya ukoma wa kuta za nyumba, niliagiza riwaya arobaini za Kiyidi, lugha ya wazee wetu, maana zilizokuwepo zilikwisha rafuni. Vitabu vya mapishi tuliviongeza alipoanza somo la vipimo vya hema ya kukutania. Rafu nzima ya historia ya Wayahudi wa nyanda hizi ni matunda ya hotuba moja tu, ya mbuzi. Sasa siombwi kitabu hata kimoja. Watu wanakaa, wanasikiliza, wanacheka palepale ulipotaka wacheke. Inauma.

3. Umemharibu Hershel Gurvitz. Mzee huyu hajasikiliza mahubiri tangu mwaka 1994. Katika kuyakwepa amesoma ensaiklopidia yetu tangu juzuu ya kwanza hadi ya kumi na saba, na zimebaki tano tu. Kwa kuwa Sabato hatuandiki, anayeazima hubana klipu kwenye kadi yake, nami huandika daftarini Jumapili. Kadi ya Hershel ilikuwa na klipu nyingi hadi ikasimama yenyewe. Sasa imelala tupu. Nilimbana jana baada ya ibada kwenye meza ya keki na samaki wa siki, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu mdomo umejaa: "Bibie, usinianze. Nimekaa ndani, nimesikiliza, nimependa. Ulitaka niende wapi?" Utovu wa adabu huo, Rabi, ameupata kwako.

4. Kwa upande wangu sina doa. Ufunguo wa maktaba ni mmoja, na kwa kuwa Sabato haturuhusiwi kubeba kitu barabarani, nimeushona kwenye mkanda wangu ili uhesabike kuwa vazi. Nimeuvaa miaka yote hiyo, hata kwenye baridi ya kugandisha kope. Bi. Bracha hunitania, "Mkanda huo tutakuzika nao." Mnizike nao.

5. Kwa hiyo naomba uongeze dakika arobaini. Rudi kwenye ukoma wa kuta. Nimekuwekea vitabu vitatu juu ya somo hilo, na hakuna hata kimoja kinachochekesha. Soma kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi. Na uachane kabisa na shangazi yako aliyekwama stesheni ya Montreal, Ijumaa jua likizama na Sabato ikiingia, na kuku mbichi mkobani. Shangazi huyo peke yake amenipotezea wasomaji kumi na mmoja.

Nisalimie mkeo, mapacha, mama mkwe wako, na wazee wa safu ya nyuma ambao siku hizi hawalali.

Wako mwenye uchungu na vitabu,
Dvora Pliskin,
Mkutubi.

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Hershel barua hii aisahihishe. Hakugusa hata nukta. Aliniuliza tu: "Sasa bibie, tungeingilia wapi? Kila Sabato tunakuta mlango umefungwa, na mwenye mkanda yuko safu ya pili, anafuta machozi ya kicheko." Nimemkabidhi mkanda, ingawa haumtoshi, pamoja na boksi la klipu, na ameapa kuwaburuta wenzake wote maktabani Sabato hii. Naomba basi upuuze namba ya kwanza hadi ya tano. Ila jana ulimwacha shangazi yako palepale stesheni, ukasema utamalizia wiki ijayo. Mfikishe nyumbani, Rabi. Hata ikichukua dakika hamsini, mimi nitakaa.