Malalamiko Dhidi ya Wanafunzi Wanaohesabu Mimea ya Shule

Kwa Mkuu wa Shule,
Ofisi iliyo nyuma ya chungu kikubwa cha maua.

Mheshimiwa Mkuu,

Kuhusu: Wanafunzi wa Kidato cha Tatu kutazama mimea bila kibali

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ndiye mtunza bustani wako, yule wa kofia, huu ukiwa mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Nimepokea barua yako ya jana inayonitaka nieleze kabla ya Ijumaa kwa nini nisiachishwe kazi, kwa kuwa wageni wa bodi walisoma kwenye ubao wa matangazo, katika hesabu iliyobandikwa na wanafunzi, kwamba bustani yetu ina aina kumi za mimea, ilhali bango lako la langoni linasema "Bustani ya Mimea Aina Mia Moja". Sikatai kujieleza. Lakini mwenye kosa yupo, na anavaa koti jeupe: ni Mwalimu wa Biolojia. Naomba nimlalamikie yeye kwanza, halafu tuone kama mimi nitabakiwa na kosa lolote.

1. Amewatoa watoto darasani. Tangu shule hii ianze, jani lilichorwa ubaoni kwa chaki, watoto wakalinakili, wakafaulu au wakafeli kwa amani. Yeye anasema bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe mahali pamoja, haifundishwi kwa chaki wakati maua yapo dirishani. Basi kila Jumatano saa nne wanamwagika bustanini na madaftari yao, wanachuchumaa, wanageuza majani kutazama chini yake. Chini ya jani, Mheshimiwa! Mimi siku zote nimetunza upande wa juu, kwa kuwa ndio wageni wanaouona.

2. Wananiuliza majina. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniuliza jina la kitu chochote, hata langu. Sasa binti mmoja mwenye miwani ananijia: "Babu, hili linaitwaje? Na mbona lile pale halifanani nalo?" Nilimjibu. Akauliza la pili, nikamjibu na hilo. Nilipokuja kushtuka, nusu saa imekwisha na mkasi wangu umelala chini. Nilifurahi sana siku ile, na furaha kazini, kama unavyotukumbusha kila mkutano, ni mwanzo wa uzembe.

3. Wameudhalilisha uzio wa michongoma. Uzio ule nimeukata kwa kamba na kwa jicho hadi umenyooka kama meza. Wamehesabu mashina mia nne na kumi na mawili, kisha wakaandika: aina moja. Moja tu! Mwalimu akaongeza kuwa, kwa vile yote niliipanda kwa vipandikizi kutoka mti mmoja, ugonjwa mmoja ukiingia utaufyeka uzio mzima. Nikamwambia uzio wangu hauugui bila ruhusa ya ofisi. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, maana nimeshaona majani ya manjano karibu na choo cha walimu.

4. Wamekwenda nyuma ya jiko. Pale ninapotupa takataka za bustani, mahali ambapo sijapagusa kwa jembe tangu nilipoajiriwa, kwa uvivu wangu mwenyewe (nakiri kwa maandishi), wamekuta aina thelathini na nne. Mnavu, mbigili, mchicha pori, kifauongo kile kinachojikunja ukikigusa, na vipepeo juu yake. Bustani ya mbele, ninayoiinamia hadi mgongo umegoma, aina kumi. Hebu fikiria aibu niliyoipata: bidii yangu yote imeshindwa na uvivu wangu. Mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimetunzwa kwa ngoma nisiyoicheza.

5. Hili ni zito, nalisema kwa unyenyekevu. Ule mmea wa mlangoni pako, zawadi ya mama mkwe wako ulipopandishwa cheo, ambao ratiba inanitaka niumwagilie kila asubuhi na kutia sahihi, watoto wameukwaruza kwa kucha na kuufuta kwenye orodha. Ni wa plastiki. Ndiyo maana kumi na moja ikawa kumi. Mheshimiwa, mimi nilijua tangu wiki ya pili, nilipoupangusa vumbi. Nimeumwagilia miaka minne. Ratiba ni ratiba, na mkwe ni mkwe; nani angethubutu kufungua mdomo? Naomba tu izingatiwe kwamba haujakauka hata jani moja mikononi mwangu.

Sasa watoto hawakamatiki. Mtoto akishauliza kwa nini michongoma yote ni ya aina moja, hachelewi kuuliza kwa nini majibu yote ya mtihani ni ya aina moja. Leo wanahesabu majani, kesho watahesabu vitabu vya maktaba, na keshokutwa watahesabu siku ulizoonekana ofisini. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo nashauri, kwanza, Biolojia ifundishwe kwenye chumba chenye mapazia, na yafungwe. Pili, nyuma ya jiko pafyekwe na kumwagwa zege. Tatu, bustani yote ing'olewe, tununue mimea ya plastiki ya aina tisini na tisa, maana mmoja tayari tunao. Bango litakuwa la kweli kwa mara ya kwanza, ugonjwa hautaingia, na hakuna mtoto atakayejifunza chochote. Mimi nitaimwagilia yote kwa uaminifu ule ule.

Nisalimie Makamu wako, karani, wapishi wote, mlinzi wa lango na, kwa heshima ya pekee, mama mkwe wako.

Wako mtiifu, mwenye mkasi uliolala,
Mtunza Bustani

Nyongeza: Mwalimu wa Biolojia ameshikwa na homa, akaniomba nimshikie kipindi cha Jumatano ijayo. Nilikataa mara mbili kwa adabu, nikakubali kabla hajaomba mara ya tatu. Nimeshachonga penseli thelathini na nane, na nimepanga tuanze na mizizi, maana majani wanayajua. Kwa hiyo naomba marufuku yote niliyoipendekeza hapo juu ianze Alhamisi inayofuata kipindi hicho. Na ikiwa kufikia Ijumaa hii utakuwa umeniachisha kazi, hakuna neno. Jumatano saa nne kasorobo nitafika langoni, nitasaini kitabu cha wageni, na penye "sababu ya kuja" nitaandika: kufundisha.