Komfri Yako Imemmeza Kuku wa Mwenye Nyumba

Kariakoo, Dar es Salaam
9 Mei 1975

Kwa Ndugu Bwana Shamba Shaibu,

Salaam nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni Mama Tarsis, mpangaji wa chumba cha nyuma kwa Mzee Sadalla, mimi ndiye uliyenipa kipande cha mzizi wa komfri siku ya maonyesho ya bustani. Ulisema majani yake ni chakula cha kuku na mbolea ya mchicha. Ukasema haina matata. Kwa heshima zote, ndugu yangu, naomba uje uichukue, kwa sababu hizi:

1. Niliipanda pale maji ya bafuni yanapotokea, maana uani kwetu udongo mzuri uko hapo tu, ili balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Mbaruku, akija kukagua bustani asinikute mikono mitupu. Alikuja, akanisifu. Hilo silo lalamiko, ila ndiko mambo yalikoanzia.

2. Masika ilipoanza ikapanuka. Majani mapana, yana vinyweleo vinavyowasha. Anayekwenda kuoga anarudi anajikuna, halafu ananitazama mimi.

3. Nikaona niimalize. Nilichimba, nikaukatakata mzizi kwa panga vipande vidogo kama muhogo wa futari, nikavitupa pembe zote za ua visikutane tena. Bwana Shamba, kila kipande kimeota. Nilikuwa na shina moja, sasa yako arobaini na mawili, na moja limetokeza chini ya kitanda cha Tarsis. Mbona hukuniambia?

4. Kuku wa Bi Kuruthumu, mke wa Mzee, yule mwekundu wa kishingo kisicho na manyoya, aliingia humo wiki tatu zilizopita. Hajaonekana. Bi Kuruthumu anasema, kwa sauti ya kufika sokoni, kwamba watu wa Masasi tunajua kunyamaza na mfupa mdomoni. Tangu siku hiyo mimi na watoto tunakula dagaa tu, tena mlango wazi, kila mtu aone.

5. Mzee Sadalla amenipa hadi Jumapili: kuku aonekane au nihame. Nitahamia wapi na watoto wanne, mvua hii?

6. Kwa hiyo naomba komfri ihamishiwe kijiji cha ujamaa. Wanapelekwa watu wenye mikono miwili tu, sembuse hii, haiugui, haiombi likizo, na ukiikata ndiyo inazidi kuchapa kazi. Kama gari hakuna, nipatie barua ya uhamisho yenye muhuri niisomee komfri mwenyewe. Nimehitimu kisomo cha jioni, nitaisomea polepole ielewe.

Nisamehe mwandiko. Nisalimie mama watoto, na wote hapo ofisini, na yule dada aliyenipa gazeti la kufungia mzizi. Yeye hana kosa.

Ni mimi, ninayeng'oa asubuhi na jioni nakuta imeota,
Paskalina, Mama Tarsis

Nyongeza: Sijabandika stempu bado, na kuku ametoka kwenye komfri na vifaranga tisa. Mzee Sadalla anasema atakayegusa jani moja atahama yeye. Bi Kuruthumu ameniletea sahani ya maandazi. Tumekula wote. Basi usije na gari. Njoo na mizizi miwili mingine, maana Bi Kuruthumu ana matetea wawili bado hawana pa kutamia.