Andazi la Elfu Moja na Tisa

Ijumaa, 13 Juni 2025

Karamu ya kipaimara ni keshokutwa. Maandazi 1,009! Nimehesabu mara tatu. Gaudensia, mgawaji mwenzangu, kamwambia mwenyekiti wa jumuiya kwamba bibi asiyewahi kuingia darasani hawezi kugawa zaidi ya elfu. Eti meza zisipolingana nimkabidhi yeye upawa wa ugawaji. Huyu huyu! Mwaka juzi aligawa yeye, watoto wa wafugaji waliotoka Kasansa wakakaa meza ya mwisho na kuramba sinia. Kwangu mtoto harambi sinia. Upawa sitoi.

Jumamosi, 14 Juni

Nikajaribu meza saba. Likabaki andazi moja. Nikaomba meza ya nane. Likabaki moja. Tisa. Moja! Lilelile, nadhani, limenenepa kwa dharau. Kulila siwezi: kwetu mgawaji hatii kitu mdomoni kabla ya wageni. Gaudensia kapita mara nne kuniuliza kama nimechoka. Nikamwambia achoke yeye, umbo la kuchoka analo.

Mjukuu wangu Emelyne, mwalimu wa hesabu kule Shanwe, anasema hiyo ni namba tasa. Haigawanyiki sawasawa ila kwa moja au kwa yenyewe. Yaani meza moja, au meza 1,009! Eti ukijaribu mpaka 31 ikagoma, imegoma milele, maana kila kigawanyo kikubwa kingekuwa na mwenzake mdogo uliyekwisha kumjaribu. Miaka mitatu chuoni kusomea andazi lisilokaa! Mimi hakuna aliyenigomea milele. Hata marehemu mume wangu Hilari aligoma miaka sita kuezeka bati, wa saba akaezeka.

Basi niondoe moja, kasema, 1,008 inakubali karibu kila kitu. Nikamlazimisha ale ugali. Amekonda kwa hizo namba.

Jumapili, 15 Juni

Nimeliondoa. Nimelila. Mungu ameona, ilikuwa kwa ajili ya haki. Meza tisa, kila meza 112, kamili! Gaudensia kahesabu meza ya mwisho mara mbili, kisha akaanza kuosha masinia. Watoto wa wafugaji wameondoka na mengine mifukoni. Nililia kidogo. Moshi ule.

Somo nimelishika: kila hesabu kubwa ina moja la mgawaji.

Jumapili, 29 Juni

Harusi ya Abednego, jirani yetu hapa Nsemulwa. Chapati 360, meza kumi na mbili. Leo sikuhangaika, nikala moja kwanza, kitaalamu. Nikagawa. Zikabaki kumi na moja! Nikajaribu meza kumi: tisa. Meza saba: mbili! Emelyne kashika kichwa, anasema zilikuwa thelathini kila meza kabla sijagusa, na hii 359 niliyoitengeneza nayo ni tasa. Wivu wa wasomi. Hapa kuna mkono wa Gaudensia.

Nimerudi kwenye meza kumi na mbili. Nimekula ya pili. Zinabaki kumi. Nimekula ya tatu. Tisa. Meza ya mwisho itapata sawa na nyingine, hata nipasuke.