Chembe Nyeupe Haina Macho

Leo sina uso, jamani.

Naandika kutoka intaneti kafe ya Nachingwea, nimekaa kona, kofia imefika puani. Mbekenyera, kijiji ninachofanyia kazi, silali leo.

Wenzangu wa chuo, mnanijua. Kijana wa Malolo niliyejisomesha kwa kukaanga korosho Dar, nikarudi nyumbani na stashahada ya maabara. (Ya kwanza katika ukoo mzima. Naitaja kwa sababu ipo.) Pale zahanati wananiita Daktari, nami siwasahihishi.

Mnajua pia kwamba nimemposa Zuhura. Jibu ni Ijumaa. Mwenye neno la mwisho ni mama yake, na kwetu mama mkwe hashikwi hata mkono. Ukikutana naye njiani unampisha, unainama, unamsalimia huku unatazama majani. Nimefanya hivyo tangu nipeleke posa, bila kosa hata moja.

Asubuhi gari la chanjo likachelewa. Kina mama wamejaa uani, watoto wanalia. Mganga wetu wa zahanati akaniambia, "Wape somo watulie."

Nikasimama. Ndipo nikamwona Mama Zuhura, nyuma kushoto, kapu mkononi, mjukuu mgongoni. Nikaazimia mambo mawili: nikae naye mbali, na nifundishe vizuri hadi Ijumaa akose sababu ya kukataa. (La pili bado sijui. La kwanza mtasikia.)

Nikawaeleza habari za chembe nyeupe za damu. Wadudu wakiingia kwenye kidonda, chembe hutoka kwenye mshipa na kuwafuata ndani ya nyama. Miguu haina. Ndani yake ina kiunzi cha nyuzi nyembamba mno. Inazijenga upande wa mbele, zinasukuma ngozi yake. Inazibomoa za nyuma, inazipeleka mbele tena. Penye msongamano inajibana na kupenya kidogo kidogo.

"Yaani anabomoa nyumba huku, anajenga kule?" akauliza mzee mmoja.

"Haswa!"

"Basi huyo hata mwenyekiti wa kijiji hampati siku ya mchango."

Wakacheka. Nikanogewa. (Mwenye akili angeishia hapo hapo.)

"Sasa ninyi ni nyama ya mwili," nikasema. "Bananeni, msiniachie njia!"

Mdudu akawa Bakari, mhudumu wetu. Nikampa ng'onda mmoja, yule samaki mkavu, kutoka chakula changu cha mchana, nikamsimamisha nyuma kulia. Chembe haina macho, inafuata harufu! Nikajifunga leso machoni.

"Daktari, tukuelekeze?"

"Nyama haisemi! Atakayetoa sauti ameniharibia somo."

Nikaingia. Mkono mbele, bega, kichwa, nakunja kiuno, navuta miguu. Wale kina mama walibana kweli! Kifungo cha shati kikaruka. Mtu akanifinya, nikageuka, mwingine akanisukuma. Jasho likaanza kunitoka. Hapa ni kulia au kushoto? Nikanusa. Hakuna kitu. Nikanusa tena.

Ng'onda! Harufu kali, mbele yangu kabisa. Nikajisifu kimoyomoyo: pua ya msomi hii.

Uani pakawa kimya. Hata watoto walinyamaza. Nikadhani somo limewaingia.

Nikatupa mikono yote miwili, nikakumbatia, nikabana. Kisha kwa sauti ya darasani: "Nimemkamata! Sasa chembe inammeza mzimamzima!"

Mdudu alikuwa na mtoto mgongoni.

Nikashusha leso. Kapu limebanwa katikati yetu, limejaa ng'onda wa sokoni. Juu ya kapu, Mama Zuhura, ananitazama. Hatujawahi kutazamana. Ana macho kama ya Zuhura.

"Daktari," akasema taratibu, "mimi unaniachia lini?"

Bado nilikuwa nimemshika!

Nikaachia. Nikataka kumpisha, pa kupisha hakuna. Nikataka kuinama, nikagonga kapu.

"Tulinyamaza kama ulivyotuagiza!" Bakari akapaza sauti kutoka kule mwisho, ng'onda wake mkononi.

Nikapenya kurudi kwa kasi ambayo hakuna chembe iliyowahi kuifikia. Bodaboda ya kwanza niliyoiona, nikapanda. "Wapi, Daktari?" "Popote. Nachingwea."

Sasa hivi mshenga wangu kanipigia.

"We kijana, umemfanya nini mama wa watu? Kafika kwake, kakaa chini, hasemi. Mabega yanatikisika."

"Analia, mzee?"

"Kajifunika khanga gubigubi. Analia au anacheka, mimi nitajuaje? Nikamfunue?"

"Usimguse!"

"Mimi nina adabu zangu, bwana," akasema, akakata simu.

Basi tusubiri Ijumaa. Atakayecheka kabla ya siku hiyo simwaliki harusini. Kama ipo.