Fundi wa Lifti na Sharti la Saba

Kwa heshima na taadhima, Wizara inautangazia umma kwamba nchi yetu imetimiza masharti yote kumi na moja ya mkopo wa Benki, tena siku mbili kabla ya muda. Aliyeyatimiza ni mimi, Mkurugenzi wa Mageuzi. Naeleza hapa yaliyotokea Jumanne ile ili watu waache kuongeza chumvi.

Mkopo ni wa kujenga hospitali. Hospitali bado, kwa kuwa masharti yanatangulia. Sharti la saba lilitaka tupunguze watumishi wasio wa msingi. Nilikaa na orodha wiki nzima, nikagundua kwamba watumishi wa msingi ni wale wanaohudhuria mikutano. Waliobaki niliwaaga kwa barua nzuri. Mmoja wao alikuwa fundi wa lifti, mtu wa miaka ishirini na sita kazini, ambaye kwa bahati ni kaka wa mke wangu. Wote tunamwita Grisi. Hakugombana. Aliikunja barua, akaitia mfukoni, akaniambia lifti yetu hutaka kubembelezwa ikipita ghorofa ya tatu. Niliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu, chini ya Mengineyo. Usiku huo mke wangu alinihamishia sebuleni. Alisema amepitia orodha ya wanaolala kitandani, akakuta mmoja si wa msingi.

Jumanne, Mkuu wa Ujumbe wa Benki akaja kukagua. Waziri alimpokea mwenyewe, wakaingia kwenye lifti kwenda ghorofa ya saba. Mimi nilipanda ngazi, maana lifti ni ya watu wanne na Waziri anatosha watatu. Nikiwa ghorofa ya nne nilisikia kishindo, kisha kimya, kisha Waziri akimwita mama yake.

Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mlango umeachia upenyo wa kiganja. Nilipiga magoti nikauliza hali ikoje. Waziri alijibu kwamba hali ni ya joto. Watumishi wa msingi walikusanyika wote arobaini, tukaunda kamati ndogo, nayo ikapendekeza iundwe kamati kubwa. Ndipo nikampigia simu shemeji.

Grisi alifika na mfuko wake wa spana. Alichungulia, akasema hiyo ni kazi ya dakika kumi, ila barua yangu inamkataza kugusa mali ya Wizara.

"Nirudishe kazini kwanza, shemeji," alisema. "Nimechoka kukaa nyumbani nahesabu kuku wa jirani."

Kutoka ndani Mkuu wa Ujumbe alieleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba kumrudisha ni kuvunja sharti la saba, na sharti hubadilishwa na Bodi ya Benki tu. Waziri akamsihi aipigie Bodi. Akapiga. Akaambiwa ombi lazima litoke kwa nchi mwanachama, kupitia mjumbe anayekalia kiti kimoja cha Bodi kwa niaba ya nchi kumi na tisa, yetu ikiwamo, na kwa uchache wa kura zetu litajadiliwa baada ya wiki sita.

"Lakini mimi niko ndani ya lifti," alisema Mkuu wa Ujumbe.

Aliulizwa kama kukwama huko kumethibitishwa na ujumbe wa ukaguzi. Akasema ujumbe wa ukaguzi ndiye yeye. Akaambiwa basi hapo pana mgongano wa maslahi.

Alikata simu, akakaa sakafuni, akalegeza tai. Tulimsikia akivuta kamasi, na Waziri akimpa leso.

Grisi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, akaniuliza yule bwana aliyekuja mwezi uliopita kupiga picha vitasa vyetu vya milango alikuwa mtumishi wa cheo gani. Nikamweleza kwamba yule alikuwa mshauri. Washauri hawahesabiwi kwenye sharti lolote, na wanalipwa na mkopo.

"Basi na mimi niwashauri," alisema Grisi.

Mkataba tuliupitisha kwenye upenyo. Mkataba mfupi kuliko yote wa Benki ni wa miezi mitatu, na malipo yake ya siku moja yanazidi mshahara wa zamani wa Grisi wa miezi minne. Mkuu wa Ujumbe aliusaini akiwa ameutandaza mgongoni kwa Waziri. Grisi akavaa miwani, akasoma kurasa zote thelathini na nne bila haraka. Kisha akashika spana. Dakika nane baadaye walitoka, wamelowa kama waliotoka kuoga, wameshikana mikono.

Mshauri lazima aandike ripoti. Ya Grisi ilikuwa ukurasa mmoja. Ilipendekeza wale niliowaaga warudishwe kama washauri, msingi wa hospitali uchimbwe mwezi huu, na nafasi ya Mkurugenzi wa Mageuzi ifutwe. Mkuu wa Ujumbe aliipitisha siku hiyo hiyo, kwa sababu kuikataa kungemlazimu kuieleza Bodi mshauri huyo alipatikanaje. Mimi naiunga mkono. Imeandikwa kwa lugha safi.

Barua ya kuniachisha kazi niliiandika mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye mwenye uzoefu. Leo, nikishuka ngazi na boksi langu, nilikutana na Waziri, ambaye tangu Jumanne ile hagusi lifti. Tulishuka pamoja. Tulipofika chini alinivuta pembeni, akaniuliza kwa kunong'ona kama shemeji yangu ameshaanza kuandika ripoti ya pili.