Bata Mzinga Juu ya Kichwa cha Babu Yangu

Kwa Padre Anselmo, msimamizi wa nyumba ya wachoraji

Padre wetu mpendwa,

Pole na kazi, na pole na magoti, maana nasikia bado yanakusumbua. Ni mimi, Baltasar Quauhtli wa Tepalcatitlan, niliyekufundisha lugha yetu ulipokuwa hujui hata kuomba maji. Nakuandikia kwa upole, ingawa nimekasirika.

Keshokutwa hakimu anakuja kuamua shamba la kando ya ziwa ni la nani: letu, au la jirani Melchor Coyotl, anayelisha humo kondoo wake. Ushahidi wetu ni mchoro wa shamba hilo aliouchora fundi wako Crispín, ukimwonyesha babu yangu kuwa ndiye mwenyewe. Kama ujuavyo, katika michoro yetu mtu hatambulikani kwa sura yake. Jina lake huchorwa juu ya kichwa, likaunganishwa naye kwa mstari mwembamba wa wino. Babu yangu aliitwa Quauhtli, yaani Tai. Malalamiko yangu ni haya:

1. Crispín amemchora bata mzinga.

2. Alifanyia kazi uani kwangu siku tatu, akila tamale za mke wangu, zile za unga wa mahindi, huku bata mzinga wetu akipitapita mbele yake. Nilipomuuliza, alijibu, "Mzee, tai wako yuko mlimani, huyu yuko hapa. Nichore nisichokiona?" Padre, malaika wa kanisani anawachora kila mwaka. Sijui huwa wanatua wapi ili awatazame.

3. Ile nyama inayoning'inia shingoni ameichora yote, bila huruma. Mke wangu Verónica aliitazama, akasema, "Angalau shingo ya ukoo wenu kaipatia."

4. Jina la Coyotl nalo maana yake ni mbweha. Crispín amemchora upande wa pili wa shamba, meno nje, akimkodolea macho babu. Hakimu akiona mbweha na bata mzinga katika shamba moja, atakuwa na haja gani ya kuuliza nani atabaki? Melchor ameshaanza kunisalimu sokoni, "Hujambo, Mzee Bata! Naona unanona!"

Kwa hiyo naomba bata afutwe, achorwe tai. Ikishindikana, mbweha apunguzwe awe panya, ili haki ionekane. Hilo nalo likiwa gumu, Crispín apelekwe mlimani akae juu ya mwamba mpaka tai amtokee, na bata mzinga wote wa kijiji wafungiwe, wasizidi kumpotosha.

Wasalimie mapadre wote, mpishi, na yule nyumbu wenu kipofu.

Mwalimu wako wa zamani,
Baltasar Quauhtli, mjukuu wa Tai

Nyongeza: Hakimu amewahi, amefika leo asubuhi kabla sijaituma barua. Alimwita Bibi Marta Papan, mkongwe kuliko sote, akamuuliza kama anamkumbuka Tai mwenye shamba. "Tai? Simjui." Nikaona shamba linakwenda. Alipoonyeshwa mchoro, alicheka mpaka akakohoa. "Aa, huyu! Mzee Bata Mzinga! Kila asubuhi alikuwa akiswaga bata wake mle. Sisi watoto tukimwita hivyo, anatukimbiza na fimbo mpaka kwenye jiwe jeupe la mpakani, halafu anarudi." Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuthubutu kulitaja jina hilo. Hakimu alikwenda, akalikuta jiwe. Shamba ni letu.

Basi Padre, bata asiguswe hata unyoya. Ila mbweha, kama wino umebaki, ageuzwe atazame nje ya ukurasa.